Kwa Dh

Nimefika Boko saa moja na nusu asubuhi.
Nyasi zimenilowesha hadi kwenye fundo la mguu;
umande, nikasema moyoni, neema.
Nina fremu ya mbao, mita moja kwa mita moja,
kamba, koleo, kipima mteremko,
na fomu ya kurasa kumi na moja
inayouliza, kwa wino mweusi,
kama ardhi imepona.

Injinia Lwitiko amenitangulia.
Ananionyesha picha ya mwaka ule:
shimo jeupe kama ufizi uliong'olewa meno,
malori yameinama ukingoni, yanalamba chokaa.
"Sasa tazama," anasema, na mkono wake unafagia
mteremko uliolainishwa, mifereji ya mawe,
ukoka wa kijani, miche mia tatu ya mkwaju,
kila mmoja na kijiti chake,
kama watoto wa shule waliopangwa barabarani
kumsubiri mgeni rasmi.

Sina ugomvi na mteremko. Nyuzi kumi na nane.
Lile genge lililokuwa likimega vyoo vya jirani
limezikwa, likashindiliwa, halina neno.
Maji ya mvua yamepewa njia.
Naandika ndiyo. Naandika ndiyo.
Kalamu inateleza kama mtu anayewahi nyumbani.

Kisha nairusha fremu kwa nyuma, bila kutazama.
Ndivyo tulivyofundishwa: jicho lina upendeleo.
Ndani yake nahesabu kijani, asilimia sabini na tano.
Nachoma koleo.
Udongo mwekundu, kina cha kidole,
halafu kwaa!
kifusi.
Hakuna nyungunyungu. Hakuna hata mchwa,
na pale ambapo mchwa amekataa kujenga
mimi nitie saini kwa ujasiri upi?

Ng'ambo ya senyenge kuna mwanamke amekaa juu ya ndoo.
Miaka kumi na tisa alivunja kokoto humu kwa nyundo,
akiuza kwa debe.
Kucha ya kidole gumba chake ni bapa kama sarafu.
"Mwanangu," ananiuliza, "mvua ilinyesha lini?"

Natazama juu. Jua la Februari,
wiki ya sita bila tone.
Natazama viatu vyangu vilivyolowa.

"Basi muulize boza," anasema.
"Linakuja saa tano usiku, leo siku ya nne.
Mbwa wetu wamelizoea, hawabweki tena."

Lwitiko si mtu mbaya. Anakuna shingo.
"Dada, pesa hiyo imelala benki miaka sita.
Mafundi wangu wanadai mwezi wa pili huu."
Najua. Mimi pia ni mpangaji, Tabata,
najua pesa iliyofungiwa inavyouma
kuliko ile usiyokuwa nayo kabisa.

Naandika polepole:
sehemu ya tingatinga iachiliwe, kazi ni njema.
Sehemu ya mizizi ibaki
hadi masika mawili yapite
na miche isimame bila boza, bila kijiti,
bila taarifa kwamba mkaguzi anakuja.
Injinia anasoma, anameza mate, anasaini.
Mkono wake hautetemeki. Nashukuru kwa hilo.

Nimekwisha kufunga mkoba mama yule anaponiita.
Ameupitisha mkono katikati ya senyenge,
kidole gumba mbele.
"Na hiki? Kina mahali kwenye karatasi zenu?"

Nafungua tena. Mteremko, mmomonyoko, maji, uoto.
Ukurasa wa mwisho, chini kabisa:
Maoni Mengineyo. Mistari mitatu.
Sijui mistari mitatu inatosha nini.
Namwuliza jina, naanza kuandika,
naye anachungulia kupitia waya,
akifuata kalamu herufi kwa herufi.

"Sikudhani," anasema. "Umekosea.
Siyo kwa z, mwanangu. Kwa dh.
Kama hiyo dhamana yenu."